Poda ya Sitini na Sita

Siku redio iliposoma matokeo ya mtihani wa serikali na kunitaja kwa asilimia sitini na sita, mama alinimwagia kopo zima la poda kichwani. Ndivyo tunavyofanya Goma: anayepata diploma, yaani cheti cha kumaliza sekondari, hupakwa poda nyeupe, kisha hutembezwa ili watu wamwone. Mtaa wetu wote wa Murara uliniona. Kwetu wengi hufaulu kwa hamsini na kitu, na sitini ni alama ya kuringia. Nilijua nitakuwa daktari.

Vita vilikuwa vimerudi kaskazini ya mji, kwa hiyo tuliamua niombe chuo cha udaktari katika nchi ya jirani, upande wa mashariki. Diploma yenyewe huchapwa Kinshasa na huchelewa. Nilichokuwa nacho ni hati ya muda, yenye alama yangu na daraja langu kwa Kifaransa: Satisfaction. Mfasiri mmoja wa mtaani aliligeuza kwa neno la Kiingereza linalofanana nalo, satisfactory. Maneno haya ni ndugu, aliniambia, na mimi sikuona sababu ya kumbishia.

Jibu la chuo nililisoma kwenye chumba cha intaneti. Alama zangu, waliandika, ni za mwanafunzi wa wastani, na udaktari unahitaji walio bora. Baadaye nilielewa kwamba neno lile, kwa Kiingereza, humsifu mtu kwa kutoanguka tu. Chini waliongeza kwamba wangelitazama ombi upya kama mkuu wa shule yangu angeeleza namna tunavyosahihisha.

Mama hakuelewa. "Walisha kuona wapi mutu anapakwa poda halafu anaitwa wa katikati? Uwaambie ya poda."

Shule yangu ya bweni, kando ya barabara ya kaskazini, ilikuwa sasa inalala askari. Mkuu wake, ambaye sisi tunamwita prefe, alikuwa amekimbilia Kibati, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe la lava mbele ya hema, amevaa koti lake lile la darasani, anachambua maharage pamoja na mke wake.

"Prefe, wanasema sitini na sita ni kidogo."

"Kidogo?" Aliacha maharage. "Mimi nilipata hamsini na mbili, na wananiita prefe!"

Majirani wa hema walicheka. Akaniuliza wao kwao wanapata ngapi.

"Themanini. Wengine tisini."

"Basi kule wanasahihisha kwa huruma."

Lakini barua aliiandika kwa makini, kwenye karatasi niliyokuja nayo, akiwa ameiweka juu ya sahani ya bati iliyogeuzwa. Alieleza kwamba kwetu karibu hakuna anayefika themanini, na kwamba katika darasa letu hakuna aliyenipita. Nilimwomba aongeze ya poda. Alitafakari, akakataa. "Watazani tunacheza."

Kisha akatoa muhuri wa shule mfukoni mwa koti.

"Vitanda niliviacha, mutoto wangu. Vitabu pia. Huu nilikimbia nao."

Wino ulikuwa umekauka. Aliupulizia pumzi ya moto, akaukandamiza. Haukuonekana. Mke wake akasema, "Muzee, puliza kama wewe ni mutu mwenye amekula!" Mara ya tatu jina la shule lilitoka, hafifu, lakini linasomeka.

Barua ilifanya kazi. Chuo kilikubali kwamba alama zangu ni nzuri, kikanipa nafasi, kwa sharti moja: nilete diploma halisi. Hati ya muda haikutosha.

Nilikwenda kwenye ofisi ya elimu.

"Diploma iko Kinshasa, papa," karani aliniambia; papa kwetu ni bwana.

"Itafika lini?"

"Ikifika, utajua."

Chuo kilinisogezea nafasi hadi mwaka uliofuata, kikaisogeza tena, kisha kikaacha kunijibu. Kila likizo kubwa nilirudi ofisini kuuliza. Vita vilikuja na kuondoka, makarani walibadilishwa, jibu likabaki lile. Nilipata kazi katika duka la dawa. Jioni nilisoma vitabu vya mwili wa binadamu vilivyonunuliwa sokoni, kwa mpangilio, mfumo baada ya mfumo, kwa sababu sikujua kusoma namna nyingine.

Diploma ilifika nikiwa na watoto wawili shuleni. Nilitia sahihi, nikaibeba nyumbani ndani ya bahasha. Karatasi nzuri, nzito, na lile neno lipo: Satisfaction.

Mama, ambaye sasa haoni vizuri, aliigusa kwa vidole pembe zote nne. Halafu akaingia chumbani, akatoka na kopo.

"Mama, hapana. Nimeshazeeka."

"Inama."

Niliisogeza diploma mbali kidogo isije ikachafuka, nikainama.