Mwendo wa Saa Nne

Kosa ni langu. Silaumu mvua wala rubani. Nimechoka kulibeba peke yangu, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua.

Nilikuwa karani Dar es Salaam. Bwana mkubwa wangu, Mwingereza, alihamishiwa Njombe akatangulia kwa gari, kisha akaagiza nimfuate na mafaili yake kwa ndege. Kwa ndege! Mimi, mtoto wa kijijini Yakobi, huko Njombe! Kichwa kilinivimba, sikusalimiana vizuri na mtu wiki nzima.

Nikamwandikia mama barua, mwalimu akamsomea: "Kutoka uwanja wa Dar es Salaam hadi uwanja wa Njombe ni mwendo wa saa nne tu. Jumanne mchana nashuka." Nilikuwa nimeusoma mwendo huo kwenye karatasi ya safari, nikauamini kama Injili. Ole wangu!

Jumanne tulifika juu ya Njombe. Chini ukungu mtupu. Rubani alizunguka mara mbili, akaenda zake kututua Mbeya. Kutoka huko nilipata basi hadi Makambako, nikafika Jumatano jioni, nimechoka hoi.

Hapo Makambako ndipo nilipokosea.

Alhamisi asubuhi lilikuwapo lori la nguruwe likienda Njombe. Dereva, Mkinga mmoja mcheshi, akaniita, "Panda nyuma, karani! Hawa hawaumi."

Nikaitazama suti yangu. Nikawafikiria wote niliowaringia ndege, wanione nashuka na nguruwe! Nikamwambia nasubiri gari la abiria. Hata ujumbe kwa mama sikumpa. Gari la abiria nalo lilikwama kwenye matope, likaja Ijumaa.

Nyumbani kwetu mtoto atokaye mbali hapokewi mlangoni. Hulakiwa njiani, na mama aliyetoka kumlaki harudi bila yeye. Nilijua hilo tangu utotoni! Mama alikuwa akikaa kwenye nyasi za uwanja tangu Jumanne, na mvua na baridi ile ya kwetu. Jioni analala kwa shangazi yangu pale mtaa wa Ramadhani, alfajiri anarudi uwanjani. Shangazi alimsihi aende zake Yakobi angoje huko.

"Amesema saa nne, wifi," alijibu. "Mwanangu si mwongo."

Ijumaa nilimkuta kitandani kwa shangazi, kifua kimembana, anahema kwa shida. Akanishika mkono, akanisalimu kwa kilugha chetu.

"Kamwene, mwanangu. Ndege imeshuka saa ngapi? Mbona sikuisikia?"

Jumapili, watu wakiwa kanisani, akafariki. Mama yangu jamani!

Ukoo mzima ulinionea huruma. Wakasema ni ukungu, ni kazi ya Mungu. Nikawaacha waseme hivyo. Habari ya lori sijamwambia shangazi hadi leo, wala mke wangu. Kila wanaponipa pole natamani ardhi inimeze.

Basi ndugu yangu, kama kuna mtu anakungoja, usimpe hesabu ya uwanja hadi uwanja. Yeye hakungoji uwanjani tu, anakungoja na baridi, na njaa, na moyo wake wote. Mwambie siku, tena ongeza mbili. Na gari la kwanza likitokea, lolote lile, panda! Fika umechafuka, fika unanuka, uchekwe na mji mzima. Lakini fika!