Bi Suad Avunja Bei, Bei Yapanda

Bi Suad, mzaliwa wa Wete na mkaazi wa Stratford, alikuwa na ulimi wa kubomolea nyumba. Mtoto wa kaka yake, Talib, akitafuta nyumba chakavu, anapatana na mwenyewe, kisha mkataba anamuuzia fundi Balwinder, yeye anabaki na kilichozidi. Kazi ya shangazi ilikuwa kuponda. Anagonga ukuta, ananusa kabati: "Toba! Hapa panataka paa, nyaya, na dua!" Bei inashuka.

Nyumba ya Kenton, mwaka wa tisini na saba, Bi Kalpana aliitakia paundi elfu tisini. Balwinder alipohesabu matengenezo, paa na unyevu, alisema hapiti themanini na tano. Talib akaitaka kwa themanini, apate tano za mahari ya mchumba wake Haifa.

Kumbe Bi Kalpana kakulia Mombasa.

"Shikamoo mama, karibu, onja bhajia."

Bi Suad akaonja. Akaonja tena. Basi, kwao ukishakula cha mtu, huli tena nyama yake kwa kumponda.

"Shangazi," Talib akanong'ona, "dari lile limeinama."

"Limeinama kwa adabu. Wewe ukiingia huinami."

Hapo hapo kipande cha dari kikaanguka, puu! ndani ya bakuli la ukwaju. Bi Kalpana akajishika kichwa.

"Aibu gani hii, mgeni wangu! Nipeni themanini."

Talib akafungua mdomo akubali, shangazi akamuwahi.

"Themanini? Nyumba ya bhajia kama hizi? Themanini na mbili!"

"Mama," Bi Kalpana akakiri, "choo pia kinavuja. Sabini na tisa."

"Kinavuja maji safi! Themanini na tatu!"

"Sabini na..."

"Themanini na nne, na usinijibu, mimi mkubwa wako!"

"Haya mama," Bi Kalpana akasema kwa unyonge, "mkubwa hakatazwi."

Wakapeana mikono. Talib alikuwa ameshakaa chini, juu ya chokaa.

Garini akalia. "Shangazi, imebaki elfu moja! Mahari ni tano!"

"Usinipigie kelele. Kwa kina Haifa nitakwenda mwenyewe, nikaivunje hiyo mahari."

Talib akasimamisha gari katikati ya njia, honi zikalia nyuma yake.

"Shangazi, nakushika miguu, usiende. Mama yake Haifa anapika kuliko huyu."