Mama Gundi na Kituo cha Mlimani

Ofisini walimwita Mama Gundi, na wala hakuwa fundi viatu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mafaili ya mvua: la Januari na la Februari, mwaka huu na mwaka jana, mpaka kituo kizima kikae ndani ya faili moja. Hakuwa na picha za kubofya bofya kama wenzake. Alikuwa na skrini nyeusi, mahali pa kuandika amri, na subira. Anaandika jina la programu, kisha mafaili ya kuunganishwa, kisha jina la faili jipya, basi. Wageni waliochungulia walidhani kompyuta yake imeharibika.

Lakini kabla ya skrini ile kulikuwa na simu. Enzi hizo, jamani! Kila asubuhi waangalizi wa vituo walipiga kutaja milimita walizokuta kwenye kipimamvua, na yeye, binti mbichi, anaandika. Wa bondeni alipenda kutia chumvi; ukimsikiliza yeye, kila manyunyu yalikuwa gharika. Wa mlimani alitaja namba yake, kisha akauliza, "Na huko kwenu kumeamkaje?" Kiangazi kikaja, tone hakuna, naye akaendelea kupiga. "Sifuri," anasema, halafu wanaongea mpaka mkuu wa ofisi aanze kukohoa.

"Mtu gani huyu anapiga simu kutangaza ukavu?" wenzake walimcheka.

Mtu aliyekwisha kupenda, nani mwingine? Wakaoana.

Kompyuta zilipofika, Mama Gundi aliunganisha mwaka wake wa kwanza akachapisha mchoro, akaupeleka nyumbani kwa majivuno. Mumewe akautazama, akautazama tena, akashika mbavu. Mvua kubwa za Oktoba zilikuwa zimenyesha Februari! Mafaili aliyaita kwa namba za miezi, na kompyuta, kwa ujuaji wake, ikaweka kumi, kumi na moja na kumi na mbili mara tu baada ya moja, ndipo ikaleta mbili. Programu nayo haikuuliza. Iliunganisha kama ilivyopewa.

"Mke wangu," mzee alisema huku akifuta machozi ya kicheko, "wakulima wakikusikia, tutahama mji huu."

Tangu siku hiyo miezi midogo yote iliandikwa na sifuri mbele, sifuri moja, sifuri mbili, na ndani ya nyumba ile Februari iliitwa Oktoba Ndogo mpaka watoto wakakua.

Kisha mzee akafariki. Mwangalizi mwingine hakupatikana, kituo cha mlimani kikafungwa, na Mama Gundi akaendelea kuunganisha vya wengine. Maisha hayana adabu, yanaendelea tu.

Miaka ikapita. Mwezi wake wa mwisho kabla ya kustaafu, akapewa kazi ya kufungia: vituo vyote vilazwe ubavu kwa ubavu ndani ya faili moja. Kompyuta ya zamani ilikuwa inaondolewa, na kisichoingia kwenye faili hilo kingeondoka nayo. Akaandika amri. Programu ikagoma: kituo cha mlimani kina siku pungufu kuliko wenzake.

Mkuu mpya, kijana mstaarabu aliyeajiriwa mzee akiwa ameshazikwa, alikuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Mama, kama hicho kimoja kinakusumbua, kiache. Vilivyobaki vinatosha."

"Niachie mpaka kesho, baba."

"Sawa, mama. Ila kesho mchana mafundi wanakuja kuichukua mashine."

Hakumwambia kituo kilikuwa cha nani. Angeanzia wapi?

Asubuhi akajaribu njia ya mkato: siku zote zilizokosekana akazijaza sifuri. Programu ikakubali bila kinyongo. Akafungua faili kutazama, na kwa muda moyo wake ulifurahi kweli. Sifuri, sifuri, sifuri. Maana sifuri si kitu kitupu. Sifuri ni mtu aliyeamka, akavaa koti, akaenda kwenye kipimamvua, akakuta pakavu. Ilikuwa kana kwamba mzee hajaacha kwenda. Alitamani kuliacha faili hivyo hivyo, na nani angemlaumu?

Lakini mlima haukukauka. Mvua zilinyesha miaka yote ile, na atakayesoma atasema mwangalizi alisimama pale akaandika uongo kila siku. Mumewe hakupata kudanganya hata milimita moja. Yeye ndiye aanze kumsemea uongo?

Akazifuta sifuri. Ipo namba hasi wanayoitumia watu wa kazi hiyo, ambayo mvua haiwezi kuifikia. Maana yake ni kwamba hakuna aliyepima. Amri moja ingeijaza mahali pote. Ilidai kitu kimoja tu: tarehe ya kuanzia, yaani asubuhi ya kwanza ambayo mzee hakwenda kupima. Miaka yote aliikwepa tarehe ile, hata kwenye kalenda. Akapiga moyo konde, akaiandika, tarakimu moja moja, akabonyeza.

Programu haikusema kitu. Programu zile zikifanikiwa hunyamaza. Kituo cha mlimani kilikuwa kimeingia, na Mama Gundi akalia palepale mezani bila kumwonea mtu haya.

Alipotulia akampigia bintiye.

"Baba yako nimemwingiza."

"Umemwingiza wapi, mama?"

"Kwenye faili kubwa. Na wenzake wote."

Binti akauliza, "Asubuhi ile ya mwisho alipima ngapi?"

Mama Gundi akapandisha mistari mpaka ilipoanzia ile namba hasi, akasoma mstari ulio juu yake.

"Milimita nne."

"Kumbe ilinyesha?"

"Ilinyesha, mwanangu. Na mimi miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba siku ile kulikuwa na jua."