Migongo Isielekee Upande Mmoja

Mwanangu, iko siku moja ambayo mikono yangu haijaisahau. Nilikuwa msichana mwenye haya, nimeishia darasa la saba, nami nilikuwa katika wiki ya majaribio kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Bariadi. Ile Jumamosi ndiyo ilikuwa ya kuamua: nibaki kazini, au nirudi Mwandoya kuchunga ng'ombe wa baba.

Tulikuwa tunafunga katalogi za mbegu na plau. Lori lingezipeleka Mwanza, na huko mashine ya kuchambua vifurushi ingezipokea. Sikujua zinafungwaje, na haya ikanizuia kuuliza. Basi nikafunga kama tulivyoshindilia pamba nyumbani, lumbesa, kujaza kupita kipimo. Migongo yote ya katalogi nikaielekeza upande mmoja, nikarundika mpaka kidevuni, nikakaza kwa kamba ya katani na fundo la kufungia ndama. Nikajiona hodari! Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mzee Masanja, fundi wetu wa ufungaji, akasimama mbele ya mizigo yangu. Yote ilikuwa imeinama, maana upande wa mgongo wenye pini ni mnene kuliko ule mwingine.

"Ng'wanawane," akaniita mwanawe kwa Kisukuma, "huu mzigo unamsujudia nani?"

Kulwa, kijana wa mashine ya kukatia, akacheka. "Babu, hiyo lumbesa! Bado kuikanyaga kwa miguu tu."

"Wewe wiki yako ya kwanza ulifunga mzigo pamoja na kidole chako. Nyamaza."

Kisha mzee akausukuma mzigo mmoja kwa kidole. Ulipofika ukingoni mwa meza, ukamwagika wote sakafuni. Nikawaona ng'ombe wa baba wananingoja.

Hakunifokea. Laiti ungeiona mikono ile, mwanangu! Alishika katalogi kiasi cha kujaa kiganja, migongo kushoto, akazigonga mezani mpaka kingo zikawa kama zimekatwa kwa kisu. Juu yake akaweka nyingine, migongo kulia. Akaendelea hivyo, kushoto na kulia, hadi kimo cha shubiri moja, akaishia hapo. Akaweka kadi ngumu chini na juu, akapitisha mkanda wa plastiki kwa urefu, kisha kwa upana, bila fundo wala mkia wa kuning'inia. Mzigo ukalala bapa kama tofali.

"Mtu akiona mzigo umeinama, atauegemeza," alisema. "Mashine ya Mwanza haina huruma. Ikinasa kamba yako, kazi ya watu wote inasimama. Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona haya, babu."

"Haya kaone mbele ya wakwe. Hapa uliza."

Nikafungua yote, nikaanza upya, polepole. Lori lilipopiga honi, nilikuwa nakaza mkanda wa mwisho. Mzee akausukuma kwa kidole, haukutikisika. Akausukuma kwa kiganja, ukateleza mzima mzima.

"Jumatatu saa moja," akasema. "Uje na swali."

Mwanangu, kazi ya kufunga hudharauliwa, lakini kamba hukatikia pabovu, na jina lako huenda na mzigo hata usikofika wewe. Usirundike kupita kimo ili usifiwe. Geuza migongo, gonga kingo, na usipojua, sema hujui mapema, kabla lori halijaja.

Mungu akujalie mikono yenye subira, akulegezee ulimi mbele ya wanaojua, na kila utakachokituma kifike salama kwa mwenyewe.