Mlevi Asiyeonja Tembo

Kenga Ngala aliigiza tangu ndevu zake zingali nyeusi, na hakuna mwongozaji aliyepata kumkalisha kwenye kiti cha mfalme. Alipewa kukibeba. Alikuwa bawabu, mchukuzi, maiti, shahidi wa pili. Wazungu walipokuja kupiga sinema mtaa wa Ndia Kuu, mwaka wa tisini na tatu, walimpa mkokoteni ausukume nyuma ya nyota wao, na kwenye sinema ukaonekana mgongo tu. Mkewe Kache aliutambua, akawaita majirani waje kuutazama.

Lakini palikuwa na sehemu moja ambayo hakuna aliyemgusa: ulevi. Akitokea jukwaani na chupa, akipepesuka na kugombana na mlango, ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Televisheni nayo ikawa inamwita kwa kazi hiyo hiyo. Chupani mlikuwa na chai ya rangi. Kenga mwenyewe, tangu abatizwe, hakuonja tembo hata tone.

Basi mwanawe Morris akapenda. Binti aliitwa Purity, na babake, Baya, karani wa bandarini, alikuwa na televisheni.

"Simtii mwanangu katika nyumba ya mlevi," Baya alimwambia Morris. "Babako n'memuona kwa macho yangu, amelala mtaroni."

Morris hakula siku hiyo. Kenga aliumia zaidi yake, maana kazi aliyoipenda ndiyo iliyomfungia mwanawe mlango. Kache akasema, "Twende tukapose. Akuone u mzima."

Wakaenda, Kenga akiwa ndani ya suti ya hakimu aliyoazima kwenye kundi lao la maigizo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka shangazi yake Purity alipomwekea mbele kibuyu cha tembo na mrija. Kwao posa haijadiliwi midomo mikavu. Akikataa, amewatukana wakwe. Akinywa, Baya amepata ushahidi. Na Baya alikuwa amemkodolea macho.

Kenga akafanya alichokijua. Akaushika mrija, akavuta mashavu ndani, koo likapanda na kushuka, akajipangusa mdomo na kushusha pumzi. Ingeishia hapo, ingekuwa salama. Lakini mwili wake ulikuwa na mazoea yake. Akaanza kuyumba. Akainuka, akauendea mlango, akauuliza kwa hasira kwa nini unamsukuma.

Baya akasimama. "Mwaona? Chukueni mgonjwa wenu mwende."

Morris akajifunika uso. Shangazi akakiinua kibuyu akiondoe, na tembo likamwagikia leso yake.

"Kaka," akasema, "mbona hiki kimejaa pomoni?"

Baya akachungulia. Akachungulia tena.

"Hukunywa?"

"Sinywi, Bwana Baya," Kenga alijibu, akiwa wima kabisa. "Sijapata kunywa. Niwie radhi, mlango umenizoea."

Baya akakaa. Alicheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia, akacheka hadi miwani ikamtoka.

"Purity n'memtoa," akasema alipopata sauti. "Ila n'nasikitika. Nilitaraji kupatana mahari na mlevi."

Kenga akafungua mdomo kushukuru. Akajiinamia na kulia, mabega yakitikisika.

Baya akamsogelea Kache, akanong'ona, "Na haya machozi je?"

Kache akamtazama mumewe kwa makini.

"Haya ni yake," akasema.