Ngazi ya Kuku

Kota yetu ya Temeke ilinuka chokaa mbichi na saruji, harufu ya kukausha koo, na mwaka ule hatukuwa na dawa yake. Kwa kawaida Mama angechoma udi asubuhi na jioni mpaka kuta zikubali kwamba zimehamiwa na watu. Lakini Bibi alikuwa amekaa eda, na mwanamke aliyefiwa na mumewe hagusi manukato kwa miezi minne na siku kumi, wala haonekani na mwanamume asiye wa damu yake. Basi tukakaa na chokaa yetu. Mie nilikuwa na miaka tisa. Nilichoelewa ni kwamba Babu amekufa, kwamba siku chache baadaye masika imeangusha nyumba yake ya udongo kule Mtoni, na kwamba Bibi, mama yake Baba, sasa yuko chumba cha pili cha kota yetu, amevaa nguo nyeupe zisizo na ua hata moja. Niliuliza kwa nini nyumba imemfuata mwenyewe. Nilipigwa kofi, kwa hiyo mpaka leo sijui.

Baba alikuwa karani wa serikali, na kota ile ilikuwa fahari yake. Alitueleza kwamba imechorwa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo Ulaya. Sina shaka alisoma. Nadhani tu siku anachora bibi yake hakuwepo. Nyumba tulizozijua zilikuwa na baraza mbele kwa wanaume, uani nyuma kwa wanawake, na ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, kila mtu na njia yake. Kota haikuwa na baraza wala ukumbi. Ukifungua mlango wa barabarani umeshafika sebuleni, na sebule ndiyo njia ya kila kitu: vyumba viwili vinafungukia humo, na mlango wa uani, kwenye jiko na choo, uko humo humo. Ukuta wa kushoto ulikuwa wetu nusu, nusu wa jirani, mwalimu mmoja Mkristo kutoka Upare. Akikohoa, Mama anamwambia pole kabla hajajua kuwa si Baba.

Sasa wanaume waliokuja kumpa Baba pole ya msiba wakae wapi? Sebuleni. Na Bibi akitaka kwenda chooni apite wapi? Sebuleni. Siku za kwanza Mama alikuwa akitoka chumbani kwa Bibi na kukohoa, na wanaume sita wazima, wengine na ndevu, wanainuka na vikombe vyao vya kahawa na kugeukia ukutani kama watoto waliokosea hesabu, mpaka Bibi apite akiwa amegubikwa shuka. Halafu anarudi, wanageuka tena. Mie nilikuwa nikigeuka nao, nikaambiwa mimi ni mjukuu, nitazame tu. Nikatazama, nikacheka, nikatolewa nje. Nje nilisimama nikijiuliza kosa langu ni kutazama, kucheka, au kuwa mjukuu.

Siku ya nne Bibi alimwita Baba mlangoni pa chumba chake, sauti ikitoka nyuma ya pazia.

"Mwanangu, aliyeijenga nyumba hii ana mama?"

"Bila shaka anaye, Mama."

"Basi huwa anapitia wapi?"

Jibu alilipata Bibi mwenyewe: dirisha. Chumba chake kilikuwa na dirisha pana la mbao, lisilo na nondo, linalofungukia uani. Jumapili Baba alikusanya matofali yaliyoachwa na mafundi, akayapanga ngazi tatu chini ya dirisha na kuyapiga lipu. Kila akiweka tofali aligeuka kutazama kama kuna anayemwona. Kwenye karatasi ya kota kulikuwa na sharti kwamba mpangaji atakayefungua mlango mpya atahamishwa. Tukihamishwa, Bibi hakuwa na nyumba ya kumalizia eda, na kuivunja katikati, kwake, ilikuwa kama kumwambia Babu kwamba miaka yao yote pale Mtoni ilikuwa mchezo.

Jirani wa kwanza kuona alikuwa Mama Agnesi, mke wa mwalimu. Alimwita Mama ukutani.

"Dada, mbona mmemfungia yule mzee?"

"Hajafungiwa. Amejifungia mwenyewe."

"Sasa mbona anatoroka dirishani?"

"Anakwenda chooni."

Nadhani Mama Agnesi hakuelewa zaidi yangu, lakini tangu siku hiyo alikuwa mtu wetu. Wakaguzi wa nyumba walianzia kwake, na walikubaliana kwamba akimwona mkaguzi atagonga ukuta mara tatu.

Aligonga asubuhi moja ya Jumamosi. Mkaguzi aliingia na kaptula iliyonyooka pasi, soksi za magotini na ubao wa kubania karatasi. Alipima sebule kwa macho, kisha akanyoosha kalamu kwenye chumba cha Bibi.

"Na humo, karani."

"Humo yumo mama yangu, bwana. Amekaa eda."

"Sikatai. Lakini nikisaini chumba nisichokiona, kazi ni yangu au ni yako?"

Baba alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kazi yake ilikuwa upande mmoja wa mlango ule na mama yake upande wa pili. Hapo Mama akakohoa kutoka chumbani kwa Bibi. "Mwache aingie," alisema. Mkaguzi akakuta mkeka, jagi la maji, na tasbihi iliyokuwa bado inabembea msumarini. Bibi alikuwa ameshashukia dirishani, amejibanza nyuma ya jiko, na mie nikamkimbilia uani.

Mkaguzi akataka kuona uani. Mama alikohoa safari hii kikohozi kirefu kama gari moshi likiondoka stesheni. Bibi akapanda ngazi, mie nikimsukuma kwa nyuma.

"Sukuma, mjinga wewe. Mie si yai."

Alitumbukia ndani na dirisha likafungwa. Kwenye ngazi ya pili ulibaki mtalawanda wake mmoja, ule wa mbao wa kuendea chooni. Mlango wa uani ukafunguka.

"Hii nini?" mkaguzi aliuliza, akiitazama ile ngazi.

Nikamwahi Baba kujibu. "Shikamoo. Ngazi ya kuku."

"Na mtalawanda?"

"Wa kumtupia akikataa kushuka."

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Kufuga kuku kotani, akasema, ni marufuku, na Ijumaa atakuja amwone kuku huyo akiondoka kwa macho yake mwenyewe. Juu ya ngazi hakusema kitu. Karatasi yake ilikuwa na mstari wa wanyama. Haikuwa na mstari wa ngazi.

Nilidhani nimetuokoa. Baba alinichapa kwa kusema uongo mbele ya serikali, halafu Alhamisi akaenda Vingunguti kutafuta kuku wa kuufanya uongo wangu uwe kweli. Ijumaa mkaguzi alisimama barabarani, Baba akatoka na kuku kwapani, akatembea naye mpaka kona, mkaguzi akaweka alama na kwenda zake. Dakika kumi baadaye kuku akarudi kwa njia ya nyuma. Jioni alikuwa kwenye sufuria. Firigisi, ambayo nyumbani kwetu ni ya baba na haiombwi, Baba aliitazama sana, kisha akaiweka kwenye sahani yangu. Makalio yalikuwa bado yananiuma. Nilikula nikiwa sijui nimesamehewa, nimesifiwa, au nimehongwa.

Eda ikaisha. Wanawake walijaa mlangoni pa barabara kumpokea Bibi na nguo mpya. Wakangoja, wakangoja. Alikuwa ameshatokea dirishani, yuko jikoni, anauliza mbona watu wamesimama mbele.

Sasa niko darasa la nane, na Bibi bado anapita dirishani, ingawa hakuna tena anayemkataza sebule. Baba amepewa kota kubwa zaidi, Magomeni, vyumba vitatu; hatujahamia bado, lakini anatembea kama kaichora yeye. Mwalimu wetu wa kuchora alitutaka tulete ramani ya nyumba, nikaenda kuipima hiyo mpya kwa hatua. Nimepata nane kwa kumi. Jana nilimwonyesha Bibi. Hajui kusoma, lakini aliitandaza mkekani na kuuliza chumba chake ni kipi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole hapo, akakisogeza mpaka mlangoni, kikachungulia sebuleni, kikasita.

"Hapa wamekaa wanaume?"

"Ni karatasi, Bibi. Haina watu."

Hakuniamini. Kidole kilirudi chumbani, kikazunguka ukutani taratibu mpaka kikaliona dirisha, kikatokea hapo kwenda uani. Akatabasamu, akanirudishia ramani yangu. Dirisha la kule lina nondo sita, nilizihesabu mwenyewe. Sikuzichora, na bado sijamwambia.