Miguu ya Baba Luka

Pale Katoro kuna kituo cha afya ambacho siku ya Alhamisi ni ya wagonjwa wa kisukari, na Alhamisi hiyo ni ya nesi Mwanaima. Ni mtu wa Tanga, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na huu ni mwaka wake wa kumi na mbili huku. Ana mdomo, hilo hata yeye halikatai. Ukimpelekea kidonda kilichooza utasemwa mpaka ujione mdogo kuliko mjukuu wako. Kisha atakiosha kwa mkono mwepesi hata ushangae kama ni mtu yule yule.

Aliyesemwa kuliko wote ni mzee Jilala, mfugaji wa upande wa Ushirombo, ambaye kituoni wanamwita Baba Luka. Mwaka juzi alikatwa kidole cha mguu wa kushoto. Mwaka jana kikafuata cha pili. Daktari akatamka bila kuficha kwamba kidonda kingine kikichelewa kuletwa, unakwenda mguu mzima. Haya, mfugaji bila mguu atafuata ng'ombe kwa kitu gani, kwa macho?

Kila Alhamisi alikuja na mwanawe Luka, mnunuzi wa dhahabu mwenye simu mbili, na Luka ndiye aliyejibu.

"Anakula nini?"

"Anakula vizuri, sista."

"Dawa anameza?"

"Anameza."

Mwanaima akamwelekeza Luka: miguu ioshwe, ikaushwe katikati ya vidole, ikaguliwe kila siku mpaka nyayo. Luka akatikisa kichwa. Mzee ameketi pembeni, kofia magotini, kama furushi lililoshushwa kwenye basi. Kumbe Luka analala Katoro na baba yake analala Ushirombo, wanaonana siku ya kliniki tu! Miaka miwili hiyo, na Mwanaima hakuwahi kuuliza.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano simu ya Luka ikalia, akatoka nje. Mwanaima akamgeukia mzee kwa ukali.

"Baba Luka, mie nimechoka na wewe. Kwani nilikwambia nini kuhusu hii miguu?"

"Sijui, mayu," akajibu mzee kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma. "Uliongea na Luka."

Mwanaima aliona aibu, aibu ya kweli ya kupandisha joto mpaka masikioni. Akavuta stuli, akaketi mbele ya mzee, magoti kwa magoti.

"Basi tuanze upya. Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Nieleze, jioni kwako huwa unafanya nini?"

Mzee akachangamka. "Ng'ombe wakiingia zizini nawakagua kwato, mmoja mmoja."

"Hata wasiochechemea?"

"Hao ndio hasa! Anayechechemea si amejieleza mwenyewe?"

"Na mguu wako unauma?"

"Wala. Siku hizi hata nikikanyaga moto sina habari."

Akautazama mguu wake, kisha akacheka, na pengo lake likaonekana. "Ee, mayu. Kumbe asiyechechemea ni mimi."

Mwanaima akamwachia aendelee, na kwake hiyo ni kazi nzito. Mzee ndiye aliyepanga: akimaliza ng'ombe wa mwisho, ataosha miguu yake na kuikagua. Tatizo ni mgongo. Haukunjiki tena, hawezi kuziona nyayo. Mwanaima akatoa kioo chake kwenye mkoba, kile cha kujitazamia wanja, akamkabidhi azitazamie nyayo. Luka aliporudi akauliza, "Sista, kuna maelekezo?" Mwanaima akamwambia amuulize baba yake.

Mwezi wa nane, Jumanne asubuhi, siku isiyo ya kliniki, bodaboda ikamshusha mzee Jilala mlangoni, peke yake, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Mdomo wa Mwanaima ukatangulia kama kawaida yake.

"Umekaa na kidonda siku ngapi, baba? Si nilisema? Sasa mguu ndio huo unakwenda, jamani, na mimi..."

Mzee akainua mkono.

"Juzi jioni hakikuwepo, mayu. Jana nimekikuta kwenye kioo. Msumari umepenya kwenye ndala, sikusikia kitu."

Mwanaima akafungua kitambaa. Tundu dogo, jekundu, safi. Hakuna usaha, hakuna harufu. Akalitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka kuinua uso.

"Tumewahi," akasema. "Kitapona hiki. Ngoja nilete maji ya kuoshea."

"Ngoja kwanza," akasema mzee. Akavua ndala ya mguu wa kulia, akaunyoosha mbele yake. "Huo umeshajieleza. Kagua na huu."

Mwanaima akapiga magoti, akaukagua.